Daktari wa uanachama: mwongozo kamili kwa familia za Tanga kabla ya kulipa ada

Familia nyingi za Tanga zina mzee anayeishi Chumbageni, Makorora au Raskazone, na watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Omani au Uingereza, ambao kila mwezi hutuma fedha za dawa na kila wiki hupiga simu kuuliza kama mama amepima presha. Kwa familia ya namna hiyo, habari za daktari anayetoza ada ya mwaka, anayepokea simu usiku, anayefika nyumbani na kufuatilia vipimo bila kukumbushwa, hupokewa kwa furaha kubwa. Huduma hiyo inaweza kuwafaa kweli. Hata hivyo ina mipaka ambayo wanaoiuza hawaielezi kwa kirefu, na anayelipa bila kuielewa hujikuta, siku ya ugonjwa mkubwa, ana namba ya daktari mkononi lakini hana fedha za hospitali. Maelezo yanayofuata yanamwongoza msomaji hatua kwa hatua, tangu anapoanza kujiuliza kama anaihitaji huduma hii mpaka siku atakapoamua kuendelea nayo au kuiacha.

Kinachouzwa ni muda wa daktari

Mtindo huu, unaojulikana Marekani kama tiba ya konsieji, ulianzia Seattle mwaka 1996, pale Howard Maron, aliyekuwa daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya SuperSonics, alipoanzisha na mwenzake kampuni ya MD2. Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza: daktari ahudumie familia chache tu, kila familia ilipe ada ya mwaka, na kwa kuwa wagonjwa ni wachache, daktari awe na nafasi ya kuwasikiliza, kuwatembelea na kupokea simu zao wakati wowote. Mwaka 2000 ilifuata kampuni ya MDVIP huko Florida, iliyoweka ukomo wa wagonjwa 600 kwa kila daktari na kutoza ada iliyo nafuu kuliko ile ya Seattle. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipochunguza jambo hili mwaka 2005, ilikuta ada zikianzia dola 60 kwa mwaka na kufika dola 15,000, na karibu nusu ya madaktari waliojibu walikuwa wakitoza kati ya dola 1,500 na 1,999. Tofauti hiyo ya bei inatufundisha mapema kwamba jina la huduma peke yake halimwambii mtu anapata nini.

Zipo sura mbili kuu, na ni vyema kuzitenganisha kabla ya kusoma mkataba wowote. Katika sura ya kwanza, ada hulipwa juu ya bima: daktari anaendelea kuidai bima ya mgonjwa kwa kila anapomwona, na ada ni malipo ya nyongeza kwa ajili ya nafasi, simu na uchunguzi wa mwaka. One Medical, ambayo Amazon ilikamilisha kuinunua Februari 2023 kwa takriban dola bilioni 3.9, hufuata njia inayofanana na hiyo. Mwanachama amekuwa akilipa dola 199 kwa mwaka, na bado gharama ya kumwona daktari inadaiwa kwa bima yake au kwake mwenyewe. Katika sura ya pili, daktari haidai bima kabisa. Mgonjwa hulipa ada ndogo ya kila mwezi, na ada hiyo ndiyo malipo ya huduma zote za msingi zinazotolewa katika kliniki ya daktari huyo. Jimbo la Washington lilitunga sheria ya kuutambua mpango wa namna hii mwaka 2007, na majimbo mengi yaliyofuata yalitamka wazi kwamba mpango huo si bima.

Hapa kwetu historia ni nyingine. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya biashara na kuyaachia mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini, kuendesha hospitali zisizo za serikali, mpaka mabadiliko ya mwaka 1991 yalipowaruhusu tena madaktari wenye sifa kufungua vituo vyao. Kwa hiyo daktari binafsi wa leo amekulia katika utaratibu wa kulipwa papo kwa papo, kila mgonjwa na risiti yake, na anapoanza kutoza ada ya mwaka mara nyingi hufanya hivyo kwa makubaliano ya mdomo au kwa karatasi moja. Huduma inaweza kuja kama kifurushi cha kliniki, kama kadi ya punguzo la bei, kama programu ya simu yenye daktari wa kuzungumza naye, au kama mapatano ya familia na daktari mmoja wanayemwamini. Zote huitwa uanachama, ingawa kadi ya punguzo haikupi muda wa daktari hata dakika moja zaidi ya ule anaoupata mtu mwingine kwenye foleni.

Hatua ya kwanza: andika mahitaji ya mgonjwa, kwa jina na kwa tarehe

Chukua karatasi kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote. Andika kila mtu wa nyumbani, umri wake, maradhi yake, dawa anazokunywa, na ni mara ngapi alihitaji daktari katika mwaka uliopita. Zoezi hili huamua karibu kila kitu kinachofuata, na ndilo watu hulikimbia.

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 68, ana kisukari na shinikizo la damu. Anahitaji presha yake ipimwe mara kwa mara na iandikwe. Anahitaji kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita, walau mara 2 kwa mwaka akiwa ametulia, na kila baada ya miezi 3 kama sukari haijatulia au dawa zimebadilishwa. Kila mwaka anapaswa kuchunguzwa macho kwa kufunguliwa mboni, kuangaliwa nyayo na hisia za miguu, na kupimwa figo kwa mkojo na damu. Mtu wa namna hii ndiye anayefaidika zaidi na daktari wa kudumu, kwa sababu madhara ya kisukari huja polepole na kimyakimya, na daktari anayemwona leo kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua kwamba figo zimeshuka kuliko mwaka jana. Vivyo hivyo mzee aliyelala kitandani baada ya kiharusi, ambaye kumbeba mpaka kliniki ni kazi ya watu watatu, ana haja ya kweli ya daktari au muuguzi anayefika nyumbani.

Kijana wa miaka 28 anayefanya kazi bandarini au kwenye kiwanda cha saruji Pongwe, asiye na maradhi ya kudumu na anayeugua malaria au mafua mara moja moja, hana sababu ya kulipa ada ya mwaka. Kumlipa daktari siku anapoumwa, pamoja na kuwa na bima, kunamtosha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu vifurushi vya familia hupangwa ili watu wazima wenye afya njema walipie nafasi wasiyoitumia.

Hatua ya pili: hesabu ulicho nacho tayari, na usiiache bima

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kulipia bima kwa kuwa sasa "tuna daktari wetu". Ada ya uanachama hununua uangalizi wa daktari wa kwanza. Hailipi chumba cha upasuaji, damu, kitanda cha wagonjwa mahututi wala siku 10 za kulazwa. Mama akianguka bafuni na kuvunjika nyonga, daktari wa uanachama atamchunguza, atampa dawa ya maumivu na kuandika barua ya rufaa. Baada ya hapo safari ni ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na ikibidi ni ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam au KCMC kule Moshi. Ni bima, au mfuko wa familia, utakaobeba gharama za safari hiyo ya matibabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, umekuwapo tangu mwaka 2001, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kila mkazi awe na bima. Mtu anayepanga bajeti ya afya aanze hapo, kisha ndipo afikirie uanachama kwa fedha zinazobaki.

Pia kuna huduma ambazo tayari ni haki yako. Sera ya afya inasamehe malipo katika vituo vya serikali kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ingawa kila anayekwenda huko anajua kwamba dawa nyingine hukosekana na hununuliwa nje. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Kwa dharura ya uzazi na ya mtoto mchanga kuna mfumo wa usafiri wa m-mama, unaopigiwa simu bure kwa namba 115. Kifurushi kinachokutoza kwa mambo haya kinakuuzia mali yako mwenyewe.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu upande huu wa bima. Mtu au kampuni inayokusanya michango na kuahidi kulipia matibabu ya hospitali pindi utakapougua inafanya kazi ya bima, na bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ukisikia maneno kama "tutakulipia gharama zote ukilazwa", ulizia usajili wao TIRA kabla ya kutoa shilingi. Mwenye leseni ya kliniki pekee anaweza kukuahidi kazi ya mikono yake na ya watumishi wake, na ahadi inayovuka hapo inahitaji leseni nyingine.

Hatua ya tatu: mjue atakayekuja

Daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni hai ya kutoa huduma. Kliniki nayo inapaswa kuwa na usajili wake kama kituo. Kuomba kuviona vyeti hivi si utovu wa adabu, na daktari mwadilifu huvionyesha bila kukunja uso. Linganisha jina lililo kwenye leseni na jina la mtu unayezungumza naye, kisha angalia tarehe ya mwisho wa leseni.

Swali la msingi zaidi ni hili: nani hasa atafika nyumbani saa 4 usiku? Mara nyingi jina la daktari bingwa ndilo linalovutia wateja, lakini anayekuja ni tabibu au muuguzi. Sioni ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa muuguzi mzoefu hupima presha, hubadilisha bandeji na hugundua kidonda cha mguu mapema kama mtu mwingine yeyote. Ubaya ni kulipia bingwa na kuletewa mwingine bila kuambiwa. Mkataba utaje kada ya mtu atakayekuja kwa kila aina ya huduma.

Uliza pia kama daktari ana ajira nyingine. Madaktari wengi wa mji wetu wana zamu katika hospitali ya umma na jioni huwa kwenye vituo binafsi. Daktari aliye zamu wodini hawezi kuondoka kwa sababu mwanachama wake wa Sahare amepata homa, wala hatupaswi kumtaka afanye hivyo, kwa kuwa walioko wodini nao ni wagonjwa wake. Kinachotakiwa ni jina la anayemshikia nafasi saa hizo, na uhakika kwamba huyo mbadala anaweza kulifungua faili la mgonjwa na kulisoma.

Hatua ya nne: uliza idadi ya wanachama

Hili ni swali moja ambalo jibu lake hufichua ukweli wa huduma nzima. Chukulia kila mwanachama anamwona daktari mara 4 kwa mwaka na daktari anafanya kazi siku 250. Akiwa na wanachama 600, atahitaji kuwaona watu 10 hivi kwa siku. Katika saa 8 za kazi, kila mmoja anaweza kupata zaidi ya dakika 45. Akiwa na wanachama 2,000, watakuwa 32 kwa siku na kila mmoja atabaki na dakika 15, kabla ya kuondoa muda wa simu, wa kuandika na wa barabarani. Kwenda Pongwe au Tongoni na kurudi hula sehemu kubwa ya asubuhi, hivyo daktari anayeahidi kutembelea majumbani anatakiwa kuwa na wanachama wachache zaidi, na anayejisifu kwamba wanachama wake wanaongezeka kila mwezi anakuambia, bila kukusudia, kwamba muda uliolipia unagawanywa upya.

Ukomo wa wanachama uandikwe katika mkataba. Usipoandikwa, hakuna kinachomzuia mwenye kliniki kuwapokea wote wanaobisha hodi.

Hatua ya tano: soma mkataba ukiwa na kalamu

Mkataba ukiwa wa mdomo, omba uandikwe. Ukiwa kwa lugha ambayo mgonjwa haielewi, omba wa Kiswahili, kwa kuwa mama anayetibiwa ndiye anayepaswa kuelewa, hata kama mtoto aliyeko ng'ambo ndiye anayelipa. Kisha pitia mambo yafuatayo kwa utulivu, na kila lisilojibiwa liandike pembeni.

Kwanza, kilichomo ndani ya ada na kisichokuwamo. Kumwona daktari ni kimoja, vipimo vya maabara ni kingine, dawa ni kingine, na vifaa vidogo kama mipira ya mkojo, bandeji na vijiti vya kupimia sukari ni kingine tena. Mikataba mingi husema "uchunguzi" bila kueleza kama damu itakayochukuliwa inalipiwa na nani. Taka orodha ya vipimo vilivyomo kwa majina yake, na bei ya visivyokuwamo.

Pili, maana ya "saa 24". Kuna tofauti kubwa kati ya simu kupokelewa usiku, ujumbe kujibiwa asubuhi, na mtu kufika mlangoni. Andikeni muda wa kila jambo: simu ijibiwe ndani ya dakika ngapi, na mtu afike ndani ya saa ngapi, tena kwa eneo lenu lenyewe. Mpaka wa eneo utajwe kwa majina ya mitaa. Anayeishi Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, asije akagundua siku ya ugonjwa kwamba huduma inaishia Nguvumali.

Tatu, daktari akisafiri, akiugua, akihama au akifa. Huu ni mlango ambao familia nyingi hazipendi kuufungua, lakini kliniki za uanachama hufungwa hata katika nchi zenye fedha. Qliance, iliyokuwa miongoni mwa kliniki za mwanzo za ada ya mwezi huko Seattle, ilifunga milango yake mwaka 2017, na wagonjwa wake wakalazimika kutafuta pengine pa kwenda. Mkataba uainishe kwamba huduma ikikatika, ada ya miezi iliyobaki inarudishwa na faili linakabidhiwa kwa mgonjwa. Hii ndiyo sababu napendekeza, kwa mwaka wa kwanza, kulipa kwa mwezi au kwa robo mwaka hata kama punguzo la malipo ya mwaka linavutia. Fedha iliyokwisha kulipwa yote hurudi kwa taabu.

Nne, kuendelea kwa mkataba. Angalia kama unajihuisha wenyewe mwaka unapokwisha, notisi ya kujitoa ni siku ngapi, na bei inaweza kupandishwa lini.

Tano, faili na siri ya mgonjwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo familia zetu hujikwaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na mwenye taarifa ni mgonjwa. Mtoto anayetuma ada kutoka Omani hapati kwa malipo hayo haki ya kujua kila kitu kilichomo kwenye faili la mama yake. Mama anaweza kuwa na jambo ambalo hataki wanawe walijue: maambukizi, kovu la zamani, huzuni aliyoificha tangu kufiwa na mume, au tu kwamba ameacha kunywa dawa fulani kwa kuwa inamsumbua tumbo. Akijua kwamba kila neno linapelekwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, ataacha kusema, na daktari atatibu asichokijua. Kwa hiyo mkataba useme ni taarifa gani mama ameridhia zipelekwe kwa nani, kwa mfano presha na sukari kwa binti mkubwa, na mengine yabaki kati yake na daktari. Maelezo haya yafanywe mbele ya mama mwenyewe, kwa heshima anayostahili, na akitaka kubadilisha ridhaa yake baadaye asiulizwe sababu. Faili likiwa kwenye simu au kompyuta ya daktari, uliza nani mwingine anaweza kulifungua.

Sita, rufaa. Daktari mzuri wa uanachama hupiga simu mbele, huandika barua yenye historia kamili na dawa zote, na hufuatilia mgonjwa akiwa wodini ili akirudi nyumbani matibabu yaendelee pale yalipoishia. Uliza kama kazi hiyo imo ndani ya ada, na kama kliniki ina mafungamano ya kibiashara na hospitali au maabara inakowapeleka wagonjwa. Mgonjwa awe huru kwenda anakotaka na kule ambako bima yake inapokelewa.

Hatua ya sita: piga hesabu kwa bei za hapa

Omba bei halisi katika kliniki mbili au tatu za mjini, kisha jaza hesabu yako mwenyewe. Tarakimu ninazotumia hapa ni za mfano tu, ili njia ya kuhesabu ionekane. Tuseme ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Bila uanachama, mama angemwona daktari mara 12 kwa shilingi 15,000, jumla 180,000, na angeitiwa daktari nyumbani mara 4 kwa shilingi 50,000, jumla 200,000. Zote ni 380,000. Shilingi 340,000 zinazobaki ndizo bei ya simu za usiku, ya kukumbushwa vipimo na ya kuwa na mtu mmoja anayemjua mgonjwa. Familia inaweza kuona bei hiyo ni halali, hasa pale ambapo hakuna kijana nyumbani wa kuhangaika na foleni, lakini iamue ikiwa inaijua.

Katika hesabu hiyo, jihadhari na kifurushi cha "kupima mwili mzima". Vipimo vingi visivyo na sababu, kwa mtu asiye na dalili, mara nyingi huleta majibu yenye mashaka ambayo hulazimisha vipimo vingine, safari ya Dar es Salaam na usiku mwingi wa wasiwasi, na mwishoni hakipatikani kitu. Vipimo vilivyochaguliwa kwa umri, maradhi na historia ya ukoo vina faida kubwa kuliko orodha ndefu. Hata chama cha madaktari wa Marekani, katika kanuni zake za maadili, kimeonya dhidi ya kuutangaza mkataba wa ada kana kwamba ni ahadi ya uchunguzi na tiba iliyo bora zaidi. Mwanachama ananunua nafasi na ukaribu. Ubora wa tiba ni haki ya kila mgonjwa.

Kama ada ni kubwa mno kwa nyumba moja, kuna njia ninayoipendelea kuliko zote. Nyumba tano au sita za mtaa mmoja, zenye wazee wa presha na kisukari, zinaweza kukubaliana na kliniki muuguzi apite siku moja kila baada ya wiki mbili, apime wote, aandike katika daftari la kila mmoja, na daktari aitwe kwa anayehitaji tu. Gharama ya safari hugawanyika, na wazee hukumbushana dawa.

Hatua ya saba: anza vizuri

Ziara ya kwanza iwe ndefu. Weka mezani dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na zilizokwisha muda, zile alizopewa na jirani, na dawa za mitishamba, kwani baadhi ya mitishamba hushusha sukari au presha na kuchanganyika vibaya na vidonge. Toa karatasi za zamani za Bombo na kadi za kliniki. Daktari aondoke akiwa ameandika orodha moja ya dawa, kipimo cha kuanzia cha kila jambo linalofuatiliwa, na tarehe za vipimo vijavyo. Nakala ibaki nyumbani, mahali ambapo hata mjukuu anaweza kuichukua.

Mkubaliane mapema kuhusu mambo yasiyongoja simu. Maumivu makali ya kifua, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito ghafla, kushindwa kupumua, kutokwa damu nyingi, degedege, kupoteza fahamu, mtoto mwenye homa asiyeweza kunyonya au kunywa: katika hali hizi mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari wa uanachama apigiwe mkiwa tayari njiani. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetetemeka, anayetokwa jasho na kuchanganyikiwa, apewe sukari au soda tamu kwanza kama bado anaweza kumeza. Nimesikia familia ikimngoja "daktari wetu" kwa sababu imemlipa, huku hospitali ikiwa umbali wa dakika chache kwa bajaji. Uanachama unaomchelewesha mgonjwa umegeuka kuwa hatari.

Hatua ya nane: kagua baada ya miezi 6, na ujue namna ya kutoka

Katika daftari la nyumbani andika kila simu iliyopigwa, muda wa kujibiwa, nani alifika na alifanya nini. Baada ya miezi 6 linganisha daftari na mkataba. Angalia kama presha na sukari zimetulia kuliko mwanzo, kama vipimo vilivyopangwa vimefanyika kwa tarehe zake, kama mama mwenyewe anamwamini daktari na kumweleza mambo yake, na kama gharama za nje ya ada zimebaki zilezile mlizoambiwa. Kasoro moja au mbili huzungumzwa na kurekebishwa; simu zisizojibiwa usiku, tena na tena, ni sababu tosha ya kuondoka.

Kutoka kufanywe kwa maandishi, kwa kuheshimu notisi iliyomo kwenye mkataba. Omba muhtasari wa matibabu uliosainiwa, nakala za majibu yote ya maabara na orodha ya dawa za sasa, na usisubiri mpaka siku ya mwisho kuviomba. Sitisha malipo ya simu au ya benki yanayojilipa yenyewe, na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha. Panga daktari mpya amwone mgonjwa kabla dawa za mwezi hazijaisha, kwa maana mgonjwa wa presha anayekaa wiki mbili bila dawa kati ya daktari mmoja na mwingine yuko katika hatari kubwa kuliko ile iliyowafanya mtafute daktari wa uanachama. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na yanayohusu matumizi mabaya ya taarifa za mgonjwa hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila moja huambatanishwa na mkataba, risiti na kurasa za daftari mlilokuwa mkiliandika.